Usiseme Tu Kwamba Inachemka

Kompyuta mpakato ina miezi kumi tangu itolewe kwenye boksi. Ukiiwasha asubuhi, nembo ya kampuni inatokea vizuri, kisha mistari myembamba ya kijani inashuka kutoka juu hadi chini ya kioo kama nyuzi zilizofumuka kwenye kanga. Inakaa dakika mbili, inapotea. Mchana, ukiwa umefungua video, feni inapiga kelele, sehemu ya juu ya kibodi inaunguza vidole, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde kadhaa kisha kinarudi, na ujumbe mdogo unasema draiva ya grafiki ilisimama na sasa imeanza tena. Mwenye mashine anaipeleka dukani. Akiulizwa ina nini, anajibu kwa neno ambalo karibu kila mmoja wetu angelitumia: inachemka. Wa kaunta anaandika "inapata moto" kwenye fomu, mashine inapulizwa vumbi, inapakwa upya ile dawa ya kupitisha joto, inarudishwa baada ya siku tatu ikiwa imetulia. Miezi mitatu baadaye kioo kinakuwa cheusi moja kwa moja, na waranti ya mwaka mmoja ilikwisha mwezi uliopita.

Hakuna aliyedanganya katika mkasa huo. Mteja alisema kweli, fundi alitibu alichoambiwa, na mashine ilipoa kweli. Tatizo ni kwamba joto na kasoro ya chipu ya grafiki huja na dalili zinazofanana, na ukiipoza mashine yenye kasoro unaweza kuituliza kwa wiki au miezi bila kuiponya. Muda huo unaoupata si wako. Ni siku za waranti zinazoyeyuka huku kasoro ikiwa imelala. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye mashine iliyo bado ndani ya waranti unaweza kuonekana umegeuzwa kichwa chini: kabla ya kuipoza, andika inavyoumwa, na unapoipeleka, lalamikia picha kwanza, joto baadaye.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili uko kwenye kumbukumbu za wazi za biashara ya kompyuta. Tarehe 2 Julai 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani, ambayo chipu zake za grafiki zilikuwa ndani ya mamilioni ya kompyuta mpakato, iliwatangazia wawekezaji kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kulipia matengenezo na ubadilishaji wa chipu zilizokuwa zikifa kwa kiwango kisicho cha kawaida. Maelezo yake yalitaja udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuunganisha kipande cha silikoni na kibao chake, lakini hayakuishia hapo. Yalisema pia kwamba jinsi watengenezaji wa kompyuta walivyopanga upoozaji, na jinsi wateja walivyozitumia mashine, vilichangia. Lawama ikagawanywa mafungu matatu, na mteja akapewa fungu lake. Katika miaka iliyofuata Nvidia ilitenga fedha nyingine tena kwa tatizo hilohilo, hadi jumla ikapita dola milioni 400. Fedha za namna hiyo hazitoki kwa sababu ya vumbi kwenye feni.

Tazama sasa kampuni za kompyuta zilijibuje kwanza. Mwezi huohuo wa Julai, Dell ilitoa orodha ya mashine zilizohusika, zikiwemo XPS M1330 na Latitude D630, na kuwashauri wateja waweke toleo jipya la BIOS, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Kazi ya toleo hilo ilikuwa kubadilisha mwenendo wa feni ili joto la chipu lisipande na kushuka sana. HP nayo ilitoa BIOS iliyoifanya feni izunguke polepole muda wote. Wateja wengi waliuliza swali la haki kabisa: ikiwa kiungo ndani ya chipu ni dhaifu, feni inayozunguka zaidi inaponya nini? Haiponyi. Inachelewesha. Na anayecheleweshewa kifo cha mashine kutoka mwezi wa kumi hadi wa kumi na tano amehamishwa kutoka upande wa waranti hadi upande wa kulipa mwenyewe. Malalamiko yalipozidi, Dell ikaongeza miezi 12 ya waranti kwa tatizo hilo peke yake, na HP ikafikisha miezi 24 kwa baadhi ya mashine zake za Pavilion na Compaq Presario. Nyongeza hizo ndizo zilizokuwa tiba. Feni ilikuwa funika kombe.

Sehemu ya Apple katika habari hiyo ina funzo la peke yake. Apple ilieleza baadaye kwamba Nvidia iliihakikishia kuwa kompyuta zake hazikuguswa. Ikafanya uchunguzi wake yenyewe, na Oktoba 2008 ikakiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT, zilizotengenezwa kati ya takriban Mei 2007 na Septemba 2008, huenda zimeathirika. Iliahidi kuzitengeneza bure hata kama waranti imekwisha, kwanza ndani ya miaka miwili tangu kununuliwa, kisha mitatu, mwishowe minne. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo ilipewa jibu la "zako hazina shida" na jibu likawa si sahihi, mteja mmoja mwenye mashine moja asivunjike moyo akiambiwa kaunta kwamba mashine imekaguliwa na haikuonyesha kitu. Na jambo hilo lilijirudia na chipu za kampuni nyingine. Februari 2015 Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro za inchi 15 na 17 za mwaka 2011, zilizokuwa na chipu za AMD na zikionyesha picha iliyovunjika au kuzima na kuwaka zenyewe. Waliokuwa wamelipia matengenezo mapema waliweza kurudishiwa fedha. Aliyerudishiwa ni yule aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha alilipia nini.

Ili kuelewa kwa nini kupoza kunaficha, ni lazima tuingie ndani ya chipu kidogo. Kipande cha silikoni hakikalii ubao mama moja kwa moja. Kimekaa juu ya kibao chake kidogo, na kati ya viwili hivyo kuna vishanga vya lehemu, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinavyopitisha umeme. Mashine ikipata joto, silikoni hutanuka kidogo sana, lakini kibao kilicho chini yake hutanuka mara tano hivi zaidi. Ikipoa, vyote hurudi, kila kimoja kwa kipimo chake. Vishanga vilivyonaswa katikati huvutwa na kusukumwa kila mashine inapowashwa, inapofanya kazi nzito na inapozimwa. Chukua kipande cha waya mwembamba ukikunje na kukikunjua pale pale: mara ya kwanza hakikatiki, mara ya ishirini hakikatiki, halafu ghafla kinakatika. Gundi maalumu humiminwa kuzunguka vishanga ili ibebe sehemu ya mzigo huo, na ikiwa gundi hiyo inalainika mapema kuliko inavyotakiwa, mzigo wote unaangukia lehemu. Kinachoua, basi, ni kupanda na kushuka kwa joto mara nyingi kuliko kile kilele chenyewe. Ufa ukishatokea, joto dogo linaweza kuzifanya kingo zake zigusane tena, ndiyo maana mistari ya kijani huonekana asubuhi mashine ikiwa baridi na kupotea ikishapata uvuguvugu. Mashine iliyojaa vumbi haiwi hivyo. Yenyewe hupata nafuu ikiwa baridi.

Hapa msomaji mwenye uzoefu atapinga, na ana haki. Kompyuta nyingi zinazochemka katika miji yetu zinachemka kwa sababu za kawaida kabisa. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kina nyuzi 32 au zaidi, na mashine haiwezi kujipoza chini ya joto la hewa inayoivuta. Nyuzi kumi za ziada chumbani hufika karibu zote kwenye chipu. Vumbi likichanganyika na unyevu wa pwani hufanya kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, kizito, kimebana kati ya feni na vile vibati vya shaba vinavyotoa joto, na ukikivuta kwa kibanio kinatoka kizima kama manyoya ya paka. Mashine ikiwekwa juu ya godoro au mto, matundu ya chini yanazibwa. Hayo yote ni kweli, na mashine ya miaka mitatu inayopiga kelele na kuzima ghafla karibu kila mara inataka kusafishwa tu. Lakini vumbi lina mwenendo wake. Huja taratibu kwa miezi, huifanya mashine iwe nzito, huifanya feni isitulie, na mwisho huizima. Halichori mistari kwenye kioo wakati nembo ya kampuni ndiyo kwanza inatokea, kabla hata Windows haijaamka na kabla chipu haijapata joto. Anayeshuku kasoro hahitaji kukanusha kuwepo kwa vumbi. Anahitaji kuonyesha kwamba picha inavunjika hata pale ambapo joto haliwezi kulaumiwa.

Kuonyesha hilo hakuhitaji kufungua mashine. Kwanza piga picha ya skrini kwa kibonyezo cha kibodi wakati mistari au madoa yapo, itume kwenye simu yako, uitazame huko. Madoa yakionekana kwenye simu, yalizaliwa ndani ya mashine, kwenye chipu ya grafiki au kumbukumbu yake, au pengine kwenye draiva. Simu ikionyesha picha safi, shida huenda iko mbele zaidi, kwenye waya wa kioo au kioo chenyewe, na hilo ni dai tofauti. Kisha unganisha mashine na televisheni kwa waya wa HDMI. Mistari ileile ikitokea pande zote mbili, kioo hakina kosa. Halafu washa mashine na uingie kwenye ukurasa wa BIOS bila kufungua Windows. Picha ikivunjika hapo, hakuna atakayekuambia uweke upya Windows au draiva, kwa sababu hazijaanza kazi. Kampuni kubwa huweka pia kipimo chao ndani ya mashine: Dell kukipata ni kwa F12 wakati wa kuwasha, HP ni F2, na Mac nyingi za Intel ni kushikilia herufi D. Kipimo hicho kikitoa namba ya kosa, namba hiyo ina uzito kuliko maelezo yako yote, kwa sababu imetoka kinywani mwa mtengenezaji.

Tahadhari moja hapa. Kompyuta nyingi zina grafiki mbili, moja ndani ya prosesa kwa kazi nyepesi na nyingine ya peke yake kwa michezo, video na uchoraji. Yenye kasoro ikiwa ni hii ya pili, unaweza kuandika barua na kusoma magazeti siku nzima bila kuona doa, halafu kila kitu kivunjike ukifungua programu nzito. Mtu wa kaunta akiiwasha kwa dakika tano na kutazama picha ya ukutani atasema ni nzima, na atakuwa anasema alichokiona.

Joto nalo lipimwe, lisikisiwe kwa kiganja. Windows ya miaka ya karibuni huonyesha joto la grafiki ya peke yake ndani ya Task Manager, na programu ya bure ya HWiNFO huonyesha kila kipimo na kukiandika kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Iache iandike saa nzima ya kazi yako ya kawaida. Nyuzi 80 na kitu kwenye kazi nzito si ajabu kwa mpakato mwembamba, na prosesa nyingi za Intel zimepangwa zijipunguze kasi zikifika nyuzi 100, kwa hiyo namba kubwa peke yake haithibitishi kasoro. Kinachothibitisha ni kuoanisha. Kama picha ilivunjika saa 4:12 asubuhi na faili inaonyesha chipu ilikuwa na nyuzi 55, umepata sentensi inayofunga mdomo hoja ya joto. Windows pia huweka daftari lake la matukio, Event Viewer, ambamo kila mara draiva ya grafiki inaposimama na kuanza tena huandikwa tukio namba 4101, na skrini ya bluu ya aina hii huacha maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Hesabu matukio hayo kwa mwezi. Piga na video ya simu isiyokatwa, inayoanzia kwenye namba ya mashine iliyobandikwa chini na kuishia kwenye mistari ikiwa kiooni. Kasoro inayokuja na kuondoka hupenda kujificha siku ya ukaguzi, na video hiyo ndiyo shahidi wako ikijificha.

Baada ya hapo andika, na andika mapema. Tuma barua pepe kwa duka na kwa kituo cha huduma cha mtengenezaji, hata kama unaishi Kigoma au Lodwar na kituo kiko Dar es Salaam au Nairobi, kwa sababu tarehe ya taarifa ya kwanza ndiyo itakayohesabiwa kama kutakuwa na ubishi. Taja namba ya mashine, siku ya kununua, na ambatisha picha ya risiti ya EFD ikiwa ulinunua Tanzania au ya ETR ikiwa ni Kenya. Wino wa risiti hizo hufifia, kwa hiyo ipige picha siku ileile ya kununua. Kisha eleza hivi: picha inavunjika kwa mistari ya wima, huonekana pia kwenye televisheni, huonekana kwenye BIOS, imetokea mara 14 tangu tarehe fulani, mara sita kati ya hizo chipu ikiwa chini ya nyuzi 60. Neno joto lije mwisho, kama jambo la nyongeza. Sababu yake ni ya kikazi kabisa: fundi wa waranti hupewa kazi kwa mujibu wa kilichoandikwa kwenye fomu, "inapata moto" humpa kazi ya kusafisha, na akishasafisha kazi imefungwa. "Picha inavunjika" humpeleka kwenye ubao mama. Ukifika kaunta soma walichoandika, na kama wameandika kuchemka peke yake, omba kwa upole waongeze maneno yako kabla hujasaini. Upole huo usikuzuie kusimama hapo dakika kumi.

Najua jibu la wengi: huduma ya waranti inachukua wiki tatu au zaidi, na kazi haiwezi kusubiri, wakati fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anairudisha jioni. Mafundi hawa wana ujuzi mkubwa, na kwa mashine isiyo na waranti mara nyingi wao ndio njia pekee yenye akili. Lakini wakiitibu chipu ya namna hii kwa kuipasha kwa mashine ya hewa ya moto, kinachotokea ni kilekile kinachotokea kwa uvuguvugu wa asubuhi, kwa nguvu zaidi: kingo za ufa zinagusana, picha inarudi, mteja anafurahi, na baada ya wiki au miezi michache mistari inarudi. Hata kazi ngumu zaidi ya kuing'oa chipu na kupanga upya vishanga vya lehemu vilivyo chini ya kibao chake haigusi vile vidogo vilivyo juu ya kibao, ndani kabisa, ambako kasoro ya 2008 ilikuwa. Tiba ni chipu mpya iliyotengenezwa tofauti, au ubao mama mwingine. Na ubao uliokwisha kupigwa moto huonyesha: gundi iliyobadilika rangi, kibao kilichopinda kidogo, sili iliyokatwa. Mtengenezaji akiona hivyo atakataa dai, na safari hii atakuwa na hoja. Wiki tatu bila mashine ni gharama, siipuuzi. Azima nyingine, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu kituo kinaweza kufuta kila kitu, kisha iache iende.

Je, kuisafisha mwenyewe kunavunja waranti? Kupuliza matundu kwa nje mashine ikiwa imezimwa, kuiweka juu ya meza ngumu, kuiinua nyuma kwa vitabu viwili, hayo hayana ubishi na yafanye hata leo, ukishamaliza kurekodi. Kufungua mfuniko wa chini ni jambo jingine. Nchini Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kukataa dai kwa sababu tu mfuniko ulifunguliwa, na mwaka 2018 tume ya biashara ya huko ilizionya kampuni kadhaa juu ya stika za kutisha wateja. Sheria hiyo haivuki bahari. Kwetu, ukikuta sili imekatwa, mzigo wa kueleza unaweza kukuangukia wewe. Mashine ikiwa ndani ya waranti, waache waifungue wao.

Sheria zetu hata hivyo si maskini kama wauzaji wengine wanavyotaka tuamini. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inajenga juu yake. Mahakama za madai madogo zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, kiasi kinachozitosha karibu kompyuta zote zinazouzwa madukani. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji. Katika nchi zote mbili sheria ya uuzaji wa bidhaa, iliyorithiwa kutoka Uingereza, huweka ndani ya mauziano ya muuzaji wa bidhaa za aina hiyo sharti kwamba ziwe za ubora wa kuuzika, na sharti hilo linamfunga aliyekuuzia. Kwa hiyo duka likikuambia "nenda kwa kampuni, sisi hatuhusiki," jua kwamba linakueleza utaratibu wake, wala haliondoi wajibu wake. Aliyenunua Uingereza anadai kwa muuzaji chini ya sheria ya haki za walaji ya 2015, na nchi za Umoja wa Ulaya zina angalau miaka miwili ya dhamana ya kisheria. Lakini mashine uliyoletewa na ndugu kutoka London au Dubai mara nyingi waranti yake ni ya eneo ilikouzwa. Ingiza namba yake kwenye tovuti ya mtengenezaji siku unayoipokea, uone nchi na tarehe, ili kama ina kasoro irudi na msafiri wa karibu.

Na yule mwenye mashine ya mtumba? Wengi wetu tuko hapo, na sikubali kwamba ushauri huu haumhusu. Duka la mtumba hutoa waranti yake, ya wiki mbili, mwezi, wakati mwingine miezi sita. Siku hizo ni chache, kwa hiyo kipimo kinachofanywa polepole kwa mashine mpya kifanywe hapohapo dukani: washa ikiwa baridi na utazame kioo kabla Windows haijaamka, cheza video nzito nusu saa, izime, subiri ipoe, iwashe tena, iunganishe na televisheni ya duka. Kupoa na kuwaka ndiko kunakoichokonoa kasoro iliyolala, na mashine iliyopashwa moto wiki iliyopita ili iuzike ina nafasi kubwa ya kujifichua hapo. Risiti iandikwe kwamba waranti inahusu ubao mama na grafiki, kwa maneno hayo. Muuzaji anayekataa kuyaandika amekupa taarifa muhimu kabla hujalipa.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: wakibadilisha ubao mama na kuweka mwingine wenye chipu ileile dhaifu, nimepata nini? Ni hofu ya kweli. Mashine za sakata lile la Nvidia zilirudi kwa wenyewe zikiwa na chipu za aina ileile na baadhi zikafa tena. Huko Marekani kesi ya pamoja dhidi ya Nvidia ilimalizwa kwa maridhiano yaliyoidhinishwa Desemba 2010. Walionunua nje ya Marekani hawakuwemo, na hata waliokuwemo, wenye mashine za HP walilalamika kwamba kompyuta waliyopewa badala yake ilikuwa ya bei ya chini sana kuliko waliyonunua. Hivyo uliza kwa maandishi kabla ya matengenezo: ubao mtakaoweka una toleo jipya la chipu au lilelile? Wanaweza wasijibu, lakini swali lililoandikwa na kukosa jibu lina thamani kasoro ikirudi. Uliza matengenezo yenyewe yana waranti ya muda gani, maana kipuri kilichobadilishwa huwa na muda wake, na muda huo unaweza kupita mwisho wa waranti ya mwanzo. Ikirudi mara ya pili na dalili zilezile, acha kuomba matengenezo. Omba mashine nyingine au fedha, ukiambatisha fomu zote mbili, na hapo ndipo utakapoona faida ya kila fomu kuandikwa "picha inavunjika."

Siku ya kuichukua, nenda na chaja na waya wa HDMI. Iwashe pale kaunta ikiwa baridi, tazama nembo, ingia BIOS, kisha fungua video na uiache icheze wakati unasoma ripoti ya fundi. Ripoti itaje kilichobadilishwa kwa jina na namba ya kipuri; ikiwa imeandikwa "imesafishwa" na wewe ulilalamikia picha, usisaini. Mwambie mhudumu aandike chini yake kwamba lalamiko la picha halijashughulikiwa, aweke tarehe na mhuri, akupe nakala, na umwachie mashine.